Pete Yenye Mshono: Mwongozo Kamili wa Kunyoosha Mhimili wa Kuzunguka kwenye Mashine ya Kuchonga Nta

Pitisha ukucha kwenye ubavu wa pete ya nta iliyotoka mashineni sasa hivi. Ukucha ukikwama, hata kidogo, pale upande wa mbele ulipokutana na wa nyuma, mhimili wako wa kuzunguka haujakaa sawa au mashine haijui ulipo. Kwenye nta kidato cha 0.1 mm huonekana kitu cha kupuuza, tupa itakimaliza. Subiri sonara amimine dhahabu. Kidato kile kile sasa ni dhahabu ya mteja inayogeuka vumbi juu ya meza, na zile kucha nne za kushikia jiwe, mbili zikiwa zimehama pembeni kidogo, hakuna tupa itakayozirudisha.

Kosa ninaloliona kuliko yote ni fundi kushika spana kabla ya kushika vernia, kile kipimo cha taya. Anaona mshono, analegeza bolti za kitako cha kichwa cha kuzungushia nta, anasukuma kwa jicho, anakaza, anachonga pete nyingine, mshono umehamia upande wa pili. Baada ya siku mbili mashine iko vibaya kuliko ilivyotoka kwenye boksi, na hakuna anayejua tena tatizo la kwanza lilikuwa lipi. Huenda hata halikuwa kwenye bolti. Mambo matano au sita tofauti huzaa mshono unaofanana machoni, na kila moja lina dawa yake.

Habari njema ni kwamba kifaa cha kupimia unacho tayari. Ni mhimili wenyewe. Ukichonga kitu, ukakigeuza nyuzi 180, ukachonga tena, kosa hujitokeza mara mbili ya ukubwa wake. Karibu kila hesabu humu inatoka hapo, ndiyo maana karibu kila hesabu inaishia kwa kugawa kwa mbili.

Ninazungumzia mashine ndogo za mezani zenye mihimili minne. X inakwenda kushoto na kulia sambamba na fimbo ya nta, Y inakwenda mbele na nyuma, Z inapanda na kushuka, na A ndio mhimili wa kuzungusha nta. Kama yako imefungwa A sambamba na Y, badilishana X na Y kila unapozikuta.

Kwanza soma mshono

Kabla ya kupima chochote, chukua pete mbovu na kioo cha kukuzia, kaa nayo chini ya taa. Mshono una lugha yake.

Kama ulichonga pande mbili, A0 na A180 (yaani A ikiwa nyuzi 0, kisha nyuzi 180), na umbo la mbele limehama pembeni kulinganisha na la nyuma kwa kiasi kile kile urefu wote wa nta, sifuri ya Y haiko juu ya kitovu cha mzunguko. Kama pande hazikuhama ila pete imetoka nene au nyembamba kuliko mchoro, tazama Z. Kama kidato ni kidogo karibu na chaki (kishikio chenye taya kinachobana nta) na kinakua kadiri unavyokwenda mbali nayo, mhimili wenyewe umekaa mshazari.

Mstari mmoja tu unaokatiza pete, pale njia ya biti (kisu kinachozunguka na kuchonga) ilipoanzia na kumalizikia, ni jambo jingine: mzunguko haufungi nyuzi 360 kamili, au nta imeteleza. Na nakshi inayojipinda kama uzi wa skrubu kadiri kazi inavyoendelea, hiyo ni hesabu ya mota, wala usiguse bolti hata moja.

Safisha, kisha tikisa

Unga wa nta hunata kila mahali kwa umeme tuli. Huingia kwenye taya za chaki, ndani ya koleti, chini ya kitako cha kichwa cha kuzungushia. Niliwahi kupoteza nusu siku nikiwinda 0.04 mm iliyokuwa inabadilika kila nikifunga kichwa upya. Kilikuwa kibanzi kimoja cha nta ya kijani chini ya kitako, kimebanwa hadi kikawa kama ganda la kitunguu. Kwa hiyo fungua, futa kwa brashi na kitambaa chenye spiriti, pitisha kidole. Kidole husikia kile jicho lisichoona.

Ukimaliza, zima mashine kabisa, shika chaki kwa mkono na uizungushe polepole kwenda na kurudi. Ukisikia inacheza kabla mota haijashika, una ulegevu, ule mafundi wanaouita plei. Tazama mkanda kama umelegea, na zaidi ya mkanda tazama skrubu ndogo inayobana puli kwenye shafti ya mota. Skrubu hiyo hulegea kimyakimya. Nyingine ni kusukuma chaki juu na chini: ikicheza hivyo, beringi zimechoka, na hakuna upangaji utakaosaidia mpaka zibadilishwe.

Ili ujue plei ni kubwa kiasi gani, funga kipande cha chuma kwenye chaki kitokeze kama mkono, weka geji ya saa (kipimo chenye mshale) umbali wa mm 50 kutoka kitovuni. Peleka A mbele nyuzi moja, kisha irudishe nyuzi moja. Geji isiporudi kwa 0.05 mm, usiogope: kwenye pete ambayo nusu kipenyo chake ni mm 10, hiyo ni 0.01 mm tu. Ikizidi 0.15 mm, kaza mkanda. Kama bado ipo na huna vipuri, idanganye mashine: kila unapokwenda A180, nenda kwanza A175 ndipo A180, kila unaporudi A0, nenda kwanza A-5 ndipo A0. Ukifika daima kutoka upande mmoja, plei hulala upande mmoja.

Hesabu ya mota

Hili ni la dakika tano na lingewaokoa wengi. Mota ya hatua ya kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko. Ukigawa kila hatua mara 8, na chaki ina uwiano wa 6 kwa 1, mzunguko mmoja wa chaki ni 200 × 8 × 6 = hatua ndogo 9600. Gawa kwa 360: ni 26.666667 kwa kila nyuzi. Kwa uwiano wa 4 kwa 1 ni 17.777778.

Angalia nilivyoandika desimali zote. Mtu akiandika 26.67 kwenye mipangilio ya mashine kwa sababu inapendeza, mizunguko kumi inampa hatua ndogo 12 za ziada, yaani nyuzi 0.45. Kwenye pete ya nusu kipenyo cha mm 10 hiyo ni karibu 0.08 mm. Sasa fikiria njia ya biti inayozunguka mara mia moja kuanzia mwanzo wa pete hadi mwisho: kosa ni nyuzi 4.5, na ile nakshi ya maua imeshakuwa parafujo.

Jaribio lake: chora mstari mwembamba kwenye chaki na mwingine kwenye mwili wa kichwa vikutane. Amuru A3600, yaani mizunguko kumi kamili. Mistari lazima ikutane tena pale pale. Isipokutana, sahihisha namba kwanza. Ikikutana mara moja na mara nyingine ikakosa, mota inapoteza hatua: punguza kasi na mchapuko wa A, au angalia kama chaki inakwaruza mahali.

Andaa fimbo ya ukweli

Hapa ndipo moyo wa kazi. Watu wengi hufunga fimbo ya chuma kwenye chaki na kuanza kupima. Inafaa, nitafika huko. Lakini chaki ndogo za taya tatu za bei nafuu hazishiki katikati kabisa, 0.05 hadi 0.1 mm ni jambo la kawaida kwake, kwa hiyo fimbo yako inazunguka kwa kuyumba na hujui unapima chaki au mhimili.

Nta iliyokerezwa na mashine yenyewe haina tatizo hilo. Ukifunga kipande cha nta, ukakizungusha chini ya biti mpaka kiwe duara, kitovu cha duara hilo ndicho kitovu cha mzunguko. Hata chaki iwe imepinda vipi. Mradi usilegeze taya.

Tumia nta ngumu. Ya kijani ndiyo ngumu kuliko zote katika zile za kuchonga, ya zambarau ni ya kati, ya buluu ni laini na hujipinda. Ya buluu iache kabisa kwa vipimo. Funga fimbo ya kijani isiyo na tundu, itokeze kama mm 60. Chora mstari kwa sindano unaovuka kutoka kwenye taya hadi kwenye nta. Baada ya kila hatua tazama mstari huo. Ukikatika, nta imeteleza, na vipimo vyote ulivyochukua ni takataka.

Weka biti bapa ya mm 2, si ya kichwa duara. Biti bapa ina uvumilivu: hata kama Y yako ina kosa dogo, sehemu bapa bado inafunika kilele cha duara, hivyo kosa la Y haliingii kwenye kipimo cha Z. Weka Z sifuri kwenye kitovu kwa njia yako ya siku zote, kisha kereza fimbo kwa tabaka za nusu milimita hadi Z iwe 6.00, urefu wa mm 50. Njia ya mwisho ipite mara mbili bila kubadilisha kitu.

Z: kipenyo kinasema

Subiri dakika chache nta ipoe. Nta hutanuka kwa joto mara nyingi zaidi ya chuma. Pima kipenyo karibu na chaki. Kilitakiwa kiwe 12.00. Ukipata 12.14, biti ilikuwa juu ya pale ulipodhani kwa nusu ya tofauti, yaani 0.07 mm. Shusha sifuri ya Z kwa 0.07. Ukipata pungufu ya 12, pandisha.

Usibane vernia kama unafunga koki. Nta inakubali kubonyezwa, na mkono mzito unakupa 0.03 za uongo.

Sasa pima mwisho wa pili, mm 50 mbali. Vipenyo vikilingana ndani ya 0.02, mhimili uko sambamba na X kwa upande wa juu na chini, endelea. Visipolingana, fimbo imetoka kama mguu wa meza, na upande mwembamba ndiko mhimili ulikopanda juu. Tuseme karibu na chaki ni 12.00 na mwishoni ni 11.88. Tofauti ni 0.12, nusu yake ni 0.06: mhimili unapanda 0.06 mm katika mm 50. Bolti za kitako zikiwa zimeachana mm 100, upande wa chini unahitaji kuinuliwa 0.12 mm. Usikate karatasi, karatasi hubonyea na wiki ijayo utakuwa umerudi hapa. Kata bati la kopo la soda. Unene wake ni takriban 0.1 mm, na ukiwa na maikromita unaweza kuchagua vipande. Kwa marekebisho madogo zaidi, karatasi ya alumini ya kufungia chakula iliyokunjwa safi, bila mikunjo ya ziada, inafanya kazi. Weka chini ya kitako upande huo, kaza, kereza tena, pima tena.

Y: jaribio la ubao

Kwenye Y ndipo mishono mingi inapozaliwa, na nitaenda taratibu. Fimbo yako sasa ina kipenyo cha 12. Utachonga ubao wa unene wa mm 8 ndani yake mara mbili, kwa njia mbili tofauti, kwenye sehemu mbili tofauti za fimbo.

Sehemu ya kwanza, bila kugeuza. A ikiwa 0, peleka biti Y +5 na uchonge ubavu kwa urefu wa mm 10, ukishuka tabaka kwa tabaka hadi Z −2. Kisha nenda Y −5, fanya vivyo hivyo. Kipenyo cha biti ni 2, kwa hiyo inakula kutoka 4 hadi 6 kila upande, na kinachobaki katikati ni ubao wa mm 8. Uite unene huu K.

Sehemu ya pili, pembeni mwa ile, kwa kugeuza. A ikiwa 0, chonga Y +5 hadi Z −2. Inua biti, nenda A180, chonga tena Y +5 ile ile. Ubao mwingine wa mm 8, lakini safari hii kuta zote mbili zimechongwa na upande mmoja wa Y. Uite G. Ile Z −2 ina sababu: ukiishia Z 0, kuta mbili hazikutani mahali popote na vernia haina pa kushika.

K haijui chochote kuhusu mhimili. Inajua biti na skrubu ya Y tu. G inajua vyote viwili. Kwa hiyo toa: K − G, gawa kwa mbili, umepata kosa la Y peke yake. Hata biti yako ikiwa imechakaa na sasa ni 1.96 badala ya 2, haijalishi, imejifuta yenyewe kwenye hesabu.

Mfano. K = 8.02, G = 7.86. Tofauti 0.16, nusu 0.08. G ni ndogo, maana yake kitovu kiko upande wa Y chanya kwa 0.08 kuliko ulivyodhani. Peleka Y kwenye +0.08 na utangaze hapo ndipo sifuri. G ikiwa kubwa kuliko K, kitovu kiko upande wa hasi. Ukisahau alama, usikae kubishana na kichwa chako: sahihisha upande mmoja, rudia ubao wa pili, ukiona kosa limekuwa mara mbili ulikosea upande.

Jihadhari na plei ya skrubu ya Y. Kila mara fika kwenye +5 au −5 ukitokea upande ule ule, kwa mfano nenda kwanza +7 ndipo +5, na nenda kwanza −3 ndipo −5. Biti isiwe ndani ya nta wakati huo.

Ukimaliza karibu na chaki, rudia mbao zote mbili kwenye mwisho mwingine wa fimbo. Kosa likiwa lile lile pande zote, ni sifuri tu, umeshamaliza. Likiwa +0.08 karibu na chaki na +0.02 umbali wa mm 40, mhimili umekaa mshazari kwa 0.06 katika mm 40, na hakuna sifuri itakayotibu mshazari. Hapo sasa, na hapo tu, shika spana.

Kunyoosha mshazari

Ng'oa plagi ya spindeli (mota inayozungusha biti) ukutani kwanza. Mikono yako itakuwa pale pale biti inapozunguka.

Unahitaji fimbo ya chuma iliyonyooka na geji ya saa ya 0.01 mm. Fimbo nzuri kuliko zote mtaani ni shafti laini ya mm 8 ya printa ya 3D. Shina la kekee mpya ndefu pia linafaa. Funga geji kwenye spindeli, ncha yake iguse ubavu wa fimbo, usawa wa katikati.

Kwa kuwa chaki inayumba, usiamini kipimo kimoja. Karibu na chaki soma geji ikiwa A0, kisha A180, chukua wastani. Nenda mm 80 mbali, fanya vivyo hivyo. Kwa mfano karibu unapata 0.00 na 0.04, wastani 0.02. Mbali unapata 0.10 na 0.02, wastani 0.06. Mshazari wa kweli ni 0.04 katika mm 80. Aliyesoma A0 peke yake angeona 0.10 na angeupindisha mhimili uliokuwa karibu sawa.

Acha bolti moja ya kitako ikiwa imekazwa nusu, iwe ndiyo bawaba. Legeza nyingine. Gonga kitako taratibu kwa mpini wa bisibisi, si nyundo, huku ukitazama geji. Kaza kwa awamu na kwa mshazari, bolti hii kisha ya upande wa pili, kwa sababu kukaza kwenyewe husogeza. Pima tena baada ya kukaza. Mara tatu, mara nne, ndiyo kawaida. Nikifika 0.02 katika mm 80 naacha. Pete yenyewe ina upana wa mm 5 au 6, na sehemu hiyo ya kosa haiwezi kuonekana.

Ukishasogeza kitako, sifuri zote za zamani zimekufa. Rudia Z na Y.

Telistoki, kama unayo

Kichwa cha nyuma chenye ncha huletwa mwisho, baada ya kila kitu kuwa sawa bila chenyewe. Acha geji kwenye fimbo karibu na mwisho wake, sogeza ncha mpaka iingie kwenye tundu la mwisho wa fimbo. Mshale wa geji usicheze. Ukicheza, ncha inaisukuma fimbo pembeni, na fimbo inayosukumwa huku inazunguka hulegea kwenye taya polepole, kazi ikiwa katikati. Afadhali kufanya kazi bila telistoki kuliko na telistoki iliyopinda. Kwa pete moja fupi iliyo karibu na chaki wala huihitaji.

Makosa yasiyo ya mhimili

Umepima, ubao unatoka sawa, lakini pete bado ina mshono. Tazama programu ya kuandaa njia za biti. Mchoro wa pete lazima ukae juu ya mstari wa mzunguko, Y0 na Z0. Ukiwa umehama 0.1 kwenye kompyuta, mashine itachonga hiyo 0.1 kwa uaminifu wote. Tazama pia kama programu inahesabu Z kutoka kwenye ncha ya biti ya kichwa duara au kutoka katikati ya duara lake. Ukichanganya, kosa ni sawa na nusu kipenyo cha biti, na hilo hulioni kwa kioo cha kukuzia, unaliona ukiwa mlangoni.

Uelekeo wa A una hila. Ukichonga A0 na A180 tu, mashine inaweza kuwa inazunguka kinyume mwaka mzima usijue, kwani +180 na −180 ni mahali pamoja. Siku unapochonga jina kuzunguka pete, herufi zinatoka kama zimesomwa kwenye kioo. Jaribu mapema kwa herufi R moja.

Kubadilisha biti katikati ya kazi ni chanzo kingine. Biti ya kukwangua na biti ya kumalizia hazina urefu sawa, na kila moja inahitaji Z yake. Mimi huacha shingo ya mm 5 iliyokerezwa karibu na chaki, kipenyo nikikijua, na kila biti mpya naigusisha hapo. Shingo ile iko kwenye kitovu kwa asilimia zote, haihitaji kuamini meza wala taya. Na spindeli ikiwa imeinama kidogo kwa mbele au nyuma, biti ndefu na biti fupi zitakuwa na Y tofauti. Weka biti zote zitokeze kwa urefu mmoja, au nyoosha spindeli kwa skwea.

Kwa mabomba ya nta ya pete, yale yenye tundu, shida kubwa ni kushika. Tundu si duara kamili, mandreli (fimbo inayopita ndani ya tundu hilo) inashika sehemu mbili tu, biti inapouma nta inazunguka peke yake kidogo. Yeyusha nta kidogo mwishoni igandie kwenye mandreli, acha ipoe kabisa. Mstari wa sindano utakuambia kama imeshika.

Chaki kuyumba, kwa upande mwingine, kunasumbua watu kuliko kunavyostahili. Ukianza na kumaliza pete bila kutoa nta, kuyumba kwa chaki hakuna athari yoyote kwenye pete, kunakula nta ya pembeni tu. Kunauma pale tu unapotoa nta kuikagua na kuirudisha. Basi usiitoe. Kagua ikiwa pale pale. Na kama lazima itoke, irudishe kwa alama ile ile ya taya, ingawa hata hivyo sitakuahidi kitu.

Umeme ukikatika katikati, mota za hatua hupoteza kumbukumbu, na A huweza kuruka hatua chache inapowashwa upya. Mashine isiyo na kihisio cha nyumbani (kinachoionyesha mashine mahali pa kuanzia) kwenye A haitakuambia. Ukiwa na ile shingo, Z utaipata tena. A utaipata tu kama ulichonga mapema kijisehemu bapa kwenye shingo, kwa Z moja na A0. Nacho huchukua nusu dakika. Ukiwasha upya, weka geji juu ya bapa hilo, pitisha Y mbele na nyuma, zungusha A kidogo kidogo mpaka mshale usimame, tangaza A0, endelea na pete.

Vipimo vyako viandike kwenye utepe wa karatasi na uubandike kwenye mlango wa mashine: tarehe, K, G, kipenyo cha karibu, kipenyo cha mbali, na biti uliyotumia. Rudia ubao mmoja wa K na mmoja wa G kila mashine inapohamishwa meza, kila kichwa cha A kinapofunguliwa, na kila biti inapovunjika kwa kishindo. Kipande cha fimbo kilichobaki cha sentimita tatu kinatosha.